Manyunyu ya Mwezi wa Sita

Mwanangu, juzi ulikuwa umekaa hapa barazani kwangu, simu mkononi, unasonya. Nikachungulia kidogo, nisamehe, macho yangu yamezeeka lakini udaku haujazeeka. Ulikuwa unatazama picha alizoweka jirani yako kwenye kundi la akina mama, zile ndoo zake za rangi na maua yamefurika hadi chini, na watu wamemjazia pongezi. Ukasema, "Huyu naye anajiona sana." Sikukujibu, kwa sababu nilikuwa na unga mikononi, na kwa sababu sauti ile niliifahamu. Ilikuwa yangu.

Sasa unga nimenawa, nimekaa, nisikilize. Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tano, nikiwa kijana kama wewe, nilisema maneno matatu tu kwenye uzio, nayo yakanisumbua hadi mvua za mwaka ule zilipoanza. Maneno yenyewe yalikuwa, "Yapo, tena yanatosha." Ukiyasikia hivyo huoni ubaya wake, lakini subiri.

Tulikuwa na miaka michache tu tangu tuhamie hapa Ruhuwiko, Songea. Simu za mkononi zilikuwa bado. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, wiki nzima hayupo, nami nilikuwa na mtoto mmoja, Kandida, ndiyo maana hadi leo naitwa Mama Kandida. Raha yangu ilikuwa maua ya kwenye makopo. Nilipanda kwenye makopo ya maziwa, ndoo zilizopasuka, beseni lisilo na kitako, hata buti moja la mume wangu ambalo mwenzake lilipotea. Kuna sufuria ya wali niliitoboa mwenyewe kwa msumari, nikamwambia imetoboka yenyewe. Aliitazama sana ile sufuria, akaniachia, Mungu amrehemu.

Na nilikuwa najua kazi. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, makopo yote nayainua juu ya matofali ili maji yapite, la sivyo mizizi inaoza. Baridi ikiingia nayasogeza chini ya paa, upande unaopigwa na jua la asubuhi, na namwagilia asubuhi, si jioni. Jua la mwezi wa tisa likiwaka, nayakusanya pamoja yakingane, natandaza majani makavu juu ya udongo, na yale makopo ambayo maua yake yameisha napanda pilipili na mchicha. Jumamosi tulikuwa tunatoka akina mama watano sita, na magunia, tunatembea hadi miguuni mwa milima ya Matogoro kuchota udongo mweusi uliooza chini ya miti. Huko njiani mimi ndiye niliyekuwa naulizwa kila kitu, nami nilikuwa najibu taratibu, mtu akinikatiza naanza upya.

Kilele cha mwaka wangu kilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, mwishoni mwa mwezi wa sita. Wakati huo maua ya watu wengi yamechoka kwa baridi na ukavu. Ya kwangu hayakuchoka. Katekista alikuwa anapita hapa, anasema, "Mama Kandida, mwaka huu tena," na makopo yangu kumi na mawili yanapangwa kwenye ngazi za altare, yamevishwa karatasi nyeupe. Watu wanasali, mimi nahesabu makopo. Nakwambia ukweli, kuna misa sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Basi mwezi wa kwanza wa mwaka mmoja akaja Mama Aika. Alikuwa mwalimu, amehamishwa kutoka Rombo, kule kwao Uchagani, kuja shule ya msingi ya mtaani kwetu. Mumewe alibaki kuangalia mashamba, yeye akaja na binti yake mdogo, Aika, akapanga nyumba inayofuata hii yangu, uzio mfupi wa michongoma tu ukitutenganisha. Vyombo vyake vilikuwa vichache sana. Lakini kwenye lori lililomleta yalishuka makopo ya maua yaliyofungwa kwa magunia mabichi, moja baada ya jingine, nikayahesabu yakafika ishirini na saba. Nikarudi ndani nikaketi.

Alinisalimia yeye kwanza, mapema siku iliyofuata, kwa heshima zote. "Habari za asubuhi, dada. Mimi mgeni, nitakusumbua." Nikamwambia karibu. Mdomo ulisema karibu.

Mwanangu, nilimwonea wivu. Kuna watu wakizeeka wanaanza kulipamba neno hilo, wanasema nilikuwa na uchungu kidogo, nilikuwa na mawazo. Mimi nilimwonea wivu yule mama hadi chakula kikawa hakipiti vizuri. Alikuwa na begonia ambazo majani yake chini ni mekundu kama yamepakwa, na maua yenyewe makubwa kama ngumi. Alikuwa na mikono ambayo ikigusa kitu kinashika. Ndani ya miezi miwili watu wakaanza kusimama kwenye uzio wake badala ya wangu. Siku moja mama mmoja mgeni akabisha hodi hapa, nikajipangusa mikono, nikatoka nikitabasamu, akaniuliza, "Samahani dada, kwa yule mwalimu wa maua ni wapi?" Nilimwelekeza, lakini kwa njia ndefu.

Akina mama wa parokia tukaenda Namtumbo kwa lori, kutembelea wenzetu wa huko na kuomba mabua ya tumbaku, maana maji yake yanaua wadudu wa kwenye majani. Miaka yote safari ile mimi ndiye niliyekuwa nasimama na kuwaeleza watu namna ya kuyaloweka. Mwaka ule, kabla sijafungua mdomo, mwenyeji wetu mmoja akasema, "Tungependa mwalimu atueleze za kwao." Mama Aika akanitazama akasema, "Mama Kandida anajua kuliko mimi." Watu wakacheka wakidhani ni unyenyekevu, wakamsukuma mbele. Njiani kurudi nilijifanya nimesinzia hadi Songea, shingo ikaniuma siku mbili.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba hakuwa mchoyo. Angekuwa mchoyo ningepata pa kumshika. Alinipa matawi ya kila ua alilokuwa nalo, yeye mwenyewe akinikatia, akinifungia na udongo wake. Nikayapanda nikiomba yafe. Yakashika yote, na hilo nalo likanikera.

Kitu kimoja tu alininyima. Kwenye kona ya baraza yake kulikuwa na ndoo kuukuu ya bati lenye rangi ya maziwa, na ndani yake mmea mmoja wa shina jembamba na majani marefu ya kijani. Haukuwa na ua lolote la kumvutia mtu. Nikamwomba tawi lake, kwa kuwa ndilo pekee ambalo sikuwa nalo. Akasita. "Hili silitoi hivi hivi, dada. Siku moja nitakueleza." Nikacheka nikasema haidhuru. Usiku wote nikawa nafikiria ni ua la namna gani hilo ambalo wengine wanafaa kuwa nalo na mimi sifai.

Sasa ndiyo tunafika mwezi wa tano. Katekista akaja. Nilimwona tangu mbali, nikatengeneza kanga, nikasimama karibu na makopo yangu kumi na mawili. Akasimama kwangu kidogo tu. "Mama Kandida, mwaka huu tumeona tukupumzishe. Tutachukua ya mwalimu." Akaendelea na njia yake, akaingia kwa Mama Aika. Mimi sikuwa nimechoka, wala sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimechoka.

Jioni ile Mama Aika akaja kwenye uzio. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, naye alitaka kwenda kwao kumwona mama yake mzazi, arudi siku tatu kabla ya sikukuu. Akaniuliza swali ambalo mtu wa hapa asingeliuliza. "Dada, kwetu mwezi wa sita kuna mawingu na manyunyu, maua hayahitaji kumwagiliwa kabisa. Na huku manyunyu yapo?"

Unajua hapa kwetu mwezi wa sita ukoje. Asubuhi unaweza kuona ukungu mzito hadi ukadhani itanyesha, lakini hadi mwezi wa kumi na moja halidondoki tone. Tena upepo wa baridi unakausha udongo wa kopo kuliko hata jua. Yeye hakujua, alikuwa hajalala hapa mwezi wa sita hata mmoja. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwona tena akilini katekista akiingia mlangoni kwake.

"Yapo," nikasema, "tena yanatosha."

Akanishukuru. Siku ya kuondoka kwake tukatoa makopo yote ishirini na saba barazani, tukayapanga uwanjani ili yapate manyunyu. Nasema tukayapanga, maana nilimsaidia kubeba. Akamshika Aika mkono, wakaenda stendi.

Siku tano za kwanza maua yalivumilia. Siku ya sita begonia zikaanza kulegea. Mimi nilikuwa namwagilia ya kwangu kila asubuhi, na maji yalikuwa mengi, na uzio ule hata Kandida na miguu yake mifupi angeupita. Nilikuwa nasimama na ndoo mkononi nikitazama ng'ambo. Usidhani sikuona. Niliona jani kwa jani. Kuna asubuhi nilisema moyoni, leo nitavuka, kisha nikafikiria zile ngazi za altare, nikamaliza maji yote kwa yangu. Siku ya kumi na mbili begonia zilikuwa zimelala. Siku ya kumi na tano nilihisi furaha, Mwanangu, furaha ya kweli tumboni, na ndiyo ninayoionea aibu kuliko yote.

Ule mmea wa kwenye ndoo ya bati tu ndio ulibaki wima. Nikavuka uzio siku hiyo, kwa mara ya kwanza, lakini si na maji. Nilivunja shina moja nikarudi nalo chini ya kanga. Tulikuwa tunaaminishana sisi wapanda maua kwamba tawi la kuiba hushika upesi kuliko la kupewa. Nikalipanda kwenye kopo nyuma ya jiko, mahali ambapo mgeni hafiki.

Mama Aika akarudi siku aliyosema. Nilimwona kupitia dirisha. Alisimama katikati ya uwanja, mzigo bado begani, akatazama makopo yake, kisha akatazama ya kwangu. Hakupiga kelele. Akachuchumaa, akaweka kidole kwenye udongo wa kopo moja, akakitoa kikavu. Aika akauliza, "Mama, yamelala?" Akamwambia, "Ndiyo, yamelala."

Katekista akarudi kwangu mbio mbio. Makopo yangu yakaenda altareni. Na unajua nani aliyenisaidia kuyabeba? Yeye. Alibeba manne, mawili mawili kila mkono, na mbele ya akina mama akasema, "Maua ya Mama Kandida yamestahimili, yanapendeza kweli." Nilikaa benchi la tatu, nikayatazama maua yangu kwenye ngazi, na sikuweza kuyahesabu.

Wiki iliyofuata nilimkuta akimwaga udongo uliokufa. Nikaenda kwenye uzio, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Akanionyesha ile ndoo ya bati. "Hili limebaki. Niliahidi kukueleza. Hili ni isale. Kwetu mtu akikukosea, hata kosa kubwa la kutosemeshana miaka, akikujia na jani la isale huwezi kumkatalia. Ndiyo maana silitoi kama ua la kupamba. Mama yangu alinipa nilipoolewa." Kisha akashika mahali palipovunjwa, pamekauka tayari, akapapasa kwa kidole gumba. "Mtu amechukua shina hapa. Labda ana haja nalo." Akaendelea kumwaga udongo.

Nikarudi nyumbani, nikaenda nyuma ya jiko. Isale lilikuwa limeshika. Lilikuwa na jani jipya.

Ungedhani nilienda siku ile ile. Sikwenda. Kila asubuhi nilisema kesho. Nilijiambia labda hajui, labda anadhani alikosea majira mwenyewe, na nikienda ndipo nitakapomfumbua macho. Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa, wa kumi. Yeye alikuwa ananisalimia kama kawaida, ila hakuja tena kwenye uzio kuuliza kitu. Jumamosi akina mama wakienda Matogoro, mimi nikiwepo yeye anakuwa na madaftari ya kusahihisha. Na lile isale likazidi kurefuka nyuma ya jiko. Nilijaribu kutolimwagilia, likaendelea kuishi.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha mchana mmoja, ikakata. Nikasikia ng'ambo anagonga makopo, anatoboa upya. Nikakata jani refu kuliko yote. Sikupita kwenye uzio, nilizunguka barabarani, nikabisha hodi mlangoni kama mgeni.

Alikuwa na udongo hadi viwiko. Akaliona jani kabla hajaniona usoni. Nikasema yote, tena vibaya, nikianzia mwisho: shina nililoiba, kisha siku zile, kisha manyunyu. Akapokea jani kwa mikono miwili.

"Manyunyu nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijua lini.

"Siku ile ile, kwenye basi. Nilikaa na mama mmoja anashukia Madaba. Nikamwuliza kama manyunyu ya huku ni makubwa, akacheka hadi akashika tumbo. Tulipofika Madaba nikataka kushuka naye, nipate gari la kurudi. Nikawaza, Mama Kandida amekosea tu, mtu anaweza kukosea. Halafu nikasema, kwa nini nirudi, na yeye yupo? Akiona udongo umekauka atamwagilia. Nikamnunulia Aika hindi la kuchoma, nikakaa."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akafuta jani lile kwa upindo wa kitenge chake, akaliweka juu ya meza kwenye kikombe chenye maji.

"Umekuja na isale, siwezi kukukatalia," akasema. "Nimekusamehe. Lakini bado nimekasirika, dada, na hiyo hasira uniache nayo kidogo." Nikasema sawa. Kisha akanipa msumari na kopo. "Shika hili, utoboe. Matundu matano."

Nikatoboa. Hasira yake ilikaa hadi Krismasi, kisha Jumamosi moja akaja kwenye uzio na gunia mkononi akauliza kama naenda Matogoro. Tuliishi majirani miaka mingi baada ya hapo, hadi alipostaafu akarudi kwao. Makopo ya altareni tukawa tunayachanganya, sita yake, sita yangu, na nikikwambia kwamba sikuwahi tena kuangalia ya nani yamechanua zaidi nitakuwa nakudanganya. Na lile isale la kuiba ni hilo hapo unaloliegemezea mkoba kila ukija, unaniuliza, mama, hili nalo ni ua gani.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, Mwanangu. Sikwambii usisikie wivu, mimi na uzee huu bado nausikia. Ila siku utakapoanza kufurahi jani la mwenzio likilegea, shika ndoo hapo hapo. Usisubiri moyo utakate kwanza, utasubiri sana. Vuka nao hivyo hivyo ulivyo, umenuna, na umwagilie. Mtu akikuuliza unachokijua, mwambie kama kilivyo, hasa mgeni, maana hana pengine pa kuuliza. Na ukimkosea mtu nenda mapema. Mimi nilichelewa miezi minne, na katika miezi ile yeye alikuwa pale ng'ambo ananingoja, mlango wake haukuwahi kufungwa mchana.

Mungu akubariki, mtoto wangu. Akupe mkono unaootesha, akupe na macho ya kuweza kutazama ua la jirani hadi lifunguke lote. Akupe jirani wa kusema juu yako, akiwa safarini, kwa nini nirudi na yeye yupo, na usimwangushe.

Nimepita kwa jirani yako leo nikitoka kusali. Mlango una kufuli tangu Jumatatu, na ndoo zake ziko nje. Huu ni mwezi wa sita. Ndoo yangu iko pale bombani, ichukue.